B1 NI NINI? Tuuelewe mtihani wa Kiingereza kabla ya kuulipia



Tulipokutana na kamati ya usharika kule Mwamapalala, wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ajenda iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa barua ya nusu ukurasa. Barua ilitoka kwa washirika wetu wa ng'ambo. Walisema wako tayari kumpokea kijana mmoja kwa miezi kadhaa ya kazi ya kujitolea, mradi awe na cheti cha Kiingereza cha "ngazi ya B1". Katibu aliisoma mara mbili. Mzee mmoja wa kanisa akauliza kama hiyo B1 si ile vitamini inayotolewa zahanati. Watu walicheka, kisha pakawa kimya, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jibu, na fedha zilikuwa tayari mezani. Zilikuwa fedha za waumini, zilizochangwa baada ya mauzo ya pamba.

Swali la mzee yule limeulizwa pia katika sharika nyingine, ingawa si kwa maneno hayohayo. Hivyo basi, katika toleo hili tumeona ni vema kueleza B1 ni nini, mtihani wake ukoje, alama zake zinasomwaje, na ni wakati gani kamati ikubali au ikatae kuulipia.

Kosa lililotufundisha

Kabla ya kuwashauri wengine, tukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita kijana wa usharika mmojawapo alihitaji cheti cha B1 kwa haraka. Alikuwa amefaulu Kidato cha Nne, alikuwa na mwandiko mzuri, na alipoongea Kiingereza mbele ya kamati sote tuliona anajua. Ofisi yetu iliidhinisha ada ya mtihani, nauli na malazi ya mjini. Maandalizi yalikuwa wiki tatu.

Majibu yalipotoka alikuwa na alama 131, na kiwango cha kufaulu ni 140. Alama zake za kusoma zilikuwa nzuri, lakini za kusikiliza na za kuzungumza zilikuwa chini sana. Nafasi ilipotea. Kibaya zaidi, kijana alirudi nyumbani akiwa na aibu, akaacha kuja kwenye vikao vya vijana, na kwa muda mrefu hakutaka mtu amtajie Kiingereza. Fedha za waumini zilikuwa zimetumika kupima kitu ambacho sisi wenyewe hatukuwa tumesaidia kukijenga.

Mkulima wa pamba anaelewa jambo hili mara moja: mizani haioteshi pamba, inapima tu kilichovunwa. Ukiuharakisha mzigo kwenye mizani kabla shamba halijapaliliwa, usiilaumu mizani.

B1 maana yake nini

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa pamoja wa kupima ujuzi wa lugha. Mfumo huo una ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. A ni mtumiaji anayeanza, B ni mtumiaji anayejitegemea, na C ni mtumiaji aliyebobea. Ngazi hizi hazikuwekwa kwa ajili ya Kiingereza peke yake. Kijana anayejifunza Kijerumani au Kifaransa naye hupimwa kwa ngazi hizohizo.

B1 basi ni ngazi ya tatu, ndiyo mwanzo wa kujitegemea. Wataalamu wa Baraza la Ulaya walikuwa wameieleza ngazi hii tangu mwaka 1975, wakaiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kizingiti cha mlango. Jina hilo linafaa sana. Aliyevuka kizingiti yumo ndani ya nyumba. Hajakaa kwenye kiti, wala hajajua vyumba vyote, lakini hayuko nje tena.

Kwa vitendo, mtu wa B1 anaweza:

- kuelewa mambo makuu ya mazungumzo yanayosemwa kwa ufasaha kuhusu kazi, shule, safari na mambo ya kila siku;
- kujitetea katika hali nyingi za safarini, kama kuuliza njia, kununua tiketi, au kueleza kuwa anaumwa;
- kuandika barua rahisi yenye mtiririko kuhusu jambo analolijua;
- kusimulia tukio, kueleza matumaini yake, na kutoa sababu fupi za maoni yake.

Mambo asiyoweza bado ni muhimu vilevile. Mtu wa B1 hawezi kutarajiwa kufuata mhadhara wa chuo kikuu, kutafsiri mahubiri papo kwa papo, au kuandika taarifa nzito ya mradi bila msaada. Tukimdai hayo tunamwonea.

Mtihani wenyewe

Ipo mitihani mingi inayopima ngazi hii. Unaotajwa mara nyingi ni ule wa Cambridge, Uingereza, unaoitwa B1 Preliminary. Kwa miaka mingi ulijulikana kwa kifupi kama PET, na wapo wanaouita hivyo hadi leo, kwa hiyo mkiona jina lolote kati ya hayo, ni mtihani uleule.

Cambridge walianza kutahini Kiingereza kwa watu wa mataifa mengine mwaka 1913. Mtihani ule wa kwanza, uliokuwa wa ngazi ya juu kabisa, ulichukua takribani saa 12. Watahiniwa walikuwa watatu tu, na wote walianguka. PET ulikuja baadaye, mwaka 1980, kwa ajili ya watu wa ngazi ya kati. Muundo unaotumika sasa ulianza Januari 2020.

Mtihani una sehemu nne, na kila moja ina robo ya alama zote.

Kusoma: maswali 32 kwa dakika 45. Mtahiniwa anaanza na matangazo mafupi na ujumbe, mithili ya kibao cha dukani au ujumbe wa simu, kisha anapewa habari ndefu zaidi. Kuna mahali anasoma habari za watu watano na kutafuta kila mmoja anafaa kupewa nini kati ya vitu vinane. Mwishoni anajaza maneno yaliyoachwa wazi.

Kuandika: maswali mawili kwa dakika 45. La kwanza ni la lazima: anasoma barua pepe yenye vidokezo vinne na kuijibu kwa maneno kama 100, akigusa kila kidokezo. La pili anachagua kuandika makala fupi au hadithi, nayo ya maneno kama 100. Wasahihishaji wanaangalia mambo manne: kama amejibu alichoulizwa, kama ameandika kwa namna inayomfaa msomaji wake, kama mawazo yamepangika, na kama lugha ni sahihi. Hivyo mwenye sarufi nzuri aliyesahau kidokezo kimoja atapunguziwa alama.

Kusikiliza: maswali 25 kwa dakika kama 30. Kila kinachosikilizwa kinarudiwa mara mbili. Hapa hakuna mwalimu wa kuandika ubaoni, kuna sauti tu.

Kuzungumza: dakika kama 12. Sehemu hii huwashangaza wengi, kwa sababu mtahiniwa haingii peke yake. Wanaingia wawili, na mbele yao wapo watahini wawili: mmoja anaongea nao, mwingine anasikiliza na kutoa alama. Wanaulizwa habari zao binafsi, kisha kila mmoja anaeleza picha kwa kama dakika moja, halafu wanajadiliana wao kwa wao kuhusu jambo waliloonyeshwa katika picha, na mwisho wanaongezea mazungumzo juu ya mada hiyo. Idadi ya watahiniwa ikiwa haigawanyiki kwa mbili, kundi la mwisho huwa la watatu.

Upo pia mtihani wa aina hiyohiyo kwa ajili ya wanafunzi wa shule. Ngazi na muundo ni vilevile, ila mada zimechaguliwa kuwafaa vijana wadogo.

Namna ya kusoma majibu

Hapa ndipo kamati na wafadhili wengi tunapokosea, kwa kuwa tunaangalia neno moja tu: amefaulu au hajafaulu.

Kila sehemu kati ya zile nne inapewa alama katika kipimo cha Cambridge. Kisha alama nne zinajumlishwa na kugawanywa kwa nne, ndipo inapatikana alama ya jumla. Matokeo yanasomwa hivi:

- 160 hadi 170: daraja A. Cheti kinasema mhusika ameonyesha uwezo wa B2, ngazi ya juu zaidi.
- 153 hadi 159: daraja B, yaani B1.
- 140 hadi 152: daraja C, nayo ni B1.
- 120 hadi 139: hakufikia B1, lakini anapewa cheti cha ngazi ya A2.
- Chini ya 120: hapati cheti.

Kwa kuwa alama ya jumla ni wastani, hakuna sharti la kufaulu kila sehemu peke yake. Tutoe mfano wa kubuni wa vijana wawili.

Kijana wa kwanza amepata kusoma 155, kuandika 150, kusikiliza 128, kuzungumza 131. Jumla ni 564, ukigawa kwa nne unapata 141.

Kijana wa pili amepata kusoma 132, kuandika 134, kusikiliza 150, kuzungumza 148. Jumla ni 564, ukigawa kwa nne unapata 141.

Wote wamefaulu kwa daraja C, na wote wana cheti cha B1. Lakini si watu wa kazi moja. Wa kwanza mpeni kazi ya kuandika barua na kutunza kumbukumbu, atafanya vizuri. Mkimpeleka kituo cha kulea watoto ambako atapewa maelekezo kwa mdomo kuanzia asubuhi hadi jioni, atateseka. Wa pili ni kinyume chake: atakaa na wenyeji wake vizuri na kuelewana nao, ila taarifa ya maandishi itamchelewesha.

Kwa hiyo, wafadhili, mnapodai B1, semeni pia mnahitaji nini zaidi: kusikia na kusema, au kusoma na kuandika. Nanyi wajumbe wa kamati, msipeleke cheti peke yake. Pelekeni na ile karatasi ya matokeo inayoonyesha alama nne. Anayetaka kuhakikisha kuwa matokeo si ya kughushi anaweza kuyathibitisha kwa Cambridge kupitia intaneti, akipewa namba zinazohusika na mtahiniwa mwenyewe.

Kwa nini aliyefaulu Kidato cha Nne anaweza kukwama

Swali hili tuliulizwa Mwamapalala na mama mmoja, mjumbe wa kamati. "Mratibu, mtoto kasoma sekondari miaka minne kwa Kiingereza. Leo mnatuambia hajui?"

Jibu ni kwamba anajua, lakini anajua upande mmoja. Tuangalie njia aliyopita mtoto huyu. Nyumbani anaongea Kisukuma. Akianza shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili, ambacho kwake ni lugha ya pili. Akifika Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza, lugha ya tatu, ambayo mpaka hapo alikuwa akiisoma kama somo tu. Anajifunza kunakili kutoka ubaoni, kukariri maelezo, na kuyarudisha kwenye mtihani. Nje ya darasa hakisikii Kiingereza sokoni, shambani wala kanisani.

Vilevile, kwa miaka mingi mtihani wa taifa wa Kiingereza wa Kidato cha Nne umekuwa wa maandishi. Mtahiniwa hasikilizishwi sauti wala haitwi kuzungumza mbele ya mtahini. Lakini katika B1 Preliminary kusikiliza na kuzungumza ni nusu nzima ya alama. Kwa mantiki hiyo, C au hata B ya Kidato cha Nne haituambii kama kijana ataivuka nusu hiyo. Mitihani hiyo miwili haipimi kitu kimoja.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania na kuona kwamba kiwango cha wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine kwa Kiingereza. Kabla yao, mwaka 1982, Tume ya Makwetta ilikuwa imependekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Mjadala wa lugha ya kufundishia umeendelea tangu hapo, nasi hatutaumaliza katika ukurasa huu. Tunachotaka kusema ni hiki: kijana akianguka mtihani huu, asionekane kuwa mvivu au mjinga. Amefundishwa nusu, akapimwa yote.

Hofu ya lafudhi

Vijana wetu wengi wanaogopa sehemu ya kuzungumza kwa sababu ya lafudhi. Msukuma anayechanganya "r" na "l" ameshachekwa Dar es Salaam, sembuse mbele ya mtahini wa Cambridge!

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani na kumtaka kila anayepita atamke neno "Shibolethi". Mwefraimu alishindwa kutamka "sh", akasema "Sibolethi", na kwa herufi hiyo moja akauawa. Ule ulikuwa mtihani wa lugha uliowekwa kumtambua adui, si kupima kama watu wanaelewana.

Mtihani huu haukuwekwa hivyo. Katika matamshi, kinachoangaliwa kwa ngazi ya B1 ni kama mtahiniwa anaeleweka kwa sehemu kubwa. Mtu hapunguziwi alama kwa kuwa sauti yake inaonyesha alikotoka. Kinachomwangusha ni kunyamaza, kujibu "yes" na "no" tu, au kukariri hotuba na kuimwaga hata kama hakuulizwa. Kwa kuwa wanaingia wawili, kumkatiza mwenzake au kumwacha peke yake navyo vinamshushia alama, maana anapimwa pia namna anavyoshirikiana katika mazungumzo.

Cheti kinafungua milango gani

Hapa tunaomba tusidanganyane.

Kwanza, cheti cha B1 Preliminary kinafaa pale aliyekiomba amesema wazi kuwa anakitambua: shirika la kujitolea, mwajiri, au chuo kinachotoa mafunzo ya awali. Kinafaa pia kama hatua ya kumpa mwanafunzi moyo wa kuendelea.

Pili, hakitoshi kwa masomo ya shahada nje ya nchi. Vyuo vikuu vinavyofundisha kwa Kiingereza kwa kawaida hudai B2 au zaidi, na wengi hutaja mtihani wa IELTS, ulioanza mwaka 1989 na wenye alama hadi 9. B1 inalingana na alama 4 hadi 5 za IELTS, na vyuo vingi huanzia 6. Kijana anayelenga shahada asilipiwe B1 kwa matumaini hayo.

Tatu, kwa viza za Uingereza, serikali ya nchi hiyo ina orodha yake ya mitihani inayokubalika, na B1 Preliminary haumo. Mtu anaweza kuwa na ngazi sahihi na bado akakataliwa kwa sababu mtihani si ule unaotakiwa.

Nne, cheti cha Cambridge hakina tarehe ya kuisha. Hata hivyo, anayekidai anaweza kusema anataka cha miaka ya karibuni, kwa sababu lugha isiyotumika hufifia.

Gharama na muda

Ada ya mtihani haifanani kila mahali. Kila kituo kilichoidhinishwa hupanga ada yake na tarehe zake. Kwa sisi wa Simiyu, ada ni sehemu tu ya gharama. Kuna nauli ya kwenda mji wenye kituo, malazi, chakula, na wakati mwingine safari ya pili ikiwa sehemu ya kuzungumza imepangwa siku nyingine. Andikeni bajeti yenye vipengele vyote hivyo kabla ya kupitisha.

Muda nao ni gharama. Cambridge wanakadiria kwamba mtu anayeanza bila chochote anahitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili kufika A2, na saa 350 hadi 400 kufika B1. Kwa hiyo kutoka A2 hadi B1 ni saa 150 hadi 200 hivi. Kijana anayesoma saa 5 kwa wiki atahitaji wiki 30 hadi 40, yaani miezi saba hadi tisa. Mfadhili anayeandika mwezi wa tatu akitaka cheti mwezi wa sita, na kamati inayomkubalia, wote wawili wanamtwika kijana mzigo asiouweza. Sisi tulifanya hivyo kwa wiki tatu, na mmesikia matokeo.

Ushauri wetu kwa kamati

1. Ulizeni kwanza. Mwandikieni anayedai cheti: anataka mtihani gani kwa jina, ngazi gani, na lini. Pateni jibu la maandishi.

2. Pimeni nyumbani kabla ya kulipa. Cambridge hutoa mitihani ya mfano bure kwenye intaneti, pamoja na sauti za kusikiliza. Mwenye simu janja anaweza kuipakua mjini Bariadi na kurudi nayo. Kijana aufanye kwa saa kamili, bila kusaidiwa. Akikwama mbali na kiwango, msilipe bado.

3. Andaeni wawili, si mmoja. Kwa kuwa sehemu ya kuzungumza ni ya wawili, anayejisomea peke yake hajifunzi kusikiliza na kujibu. Wawili wakikutana mara tatu kwa wiki, wakaangalia picha yoyote ya gazeti au kalenda na kuieleza kwa dakika moja kila mmoja, kisha wakabishana kwa Kiingereza juu ya jambo dogo, watakuwa wamefanya kazi kubwa bila kutumia fedha.

4. Jengeni masikio. Habari za redio kwa Kiingereza, dakika 15 kila siku, kisha kijana asimulie alichosikia. Mwanzoni atashika maneno machache. Asikatishwe tamaa.

5. Mtumieni mwalimu wa Kiingereza wa shule iliyo karibu, na mlipeni kitu. Posho ndogo kwa mwalimu kwa miezi minane ina faida kuliko ada ya mtihani wa pili baada ya kuanguka wa kwanza.

6. Angalieni majina. Siku ya mtihani mtahiniwa lazima awe na kitambulisho halisi chenye picha. Jina la kujisajilia lilingane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Vijana wetu wengi wana jina moja kwenye cheti cha ubatizo, jingine kwenye cheti cha shule, na la tatu kwenye kitambulisho cha taifa. Hili lisahihishwe mapema.

7. Msimtangaze kijana kanisani kabla ya majibu. Aibu ya yule wetu ilianzia pale tulipomwombea safari mbele ya usharika mzima kabla hajafaulu.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa nafasi mnazotoa. Tunaomba mambo matatu. Toeni taarifa ya mahitaji ya lugha walau miezi tisa kabla. Pale ambapo sheria ya viza haidai cheti, fikirini kama mazungumzo ya simu ya nusu saa na mhusika hayatoshi, maana yanagharimu kidogo kuliko safari ya kwenda kutahiniwa. Na mnapochangia ada ya mtihani, ongezeni fungu la kujifunzia. Kwa uzoefu wetu, ni rahisi kupata mtu wa kulipia mizani kuliko kupata wa kulipia palizi.

Mwamapalala waliamuaje

Turudi kwenye kikao kile. Baada ya maelezo haya, kamati haikuzitoa fedha za ada siku hiyo. Ilimwagiza katibu awaandikie washirika kuuliza maswali mawili: mtihani gani kwa jina, na kama wanaweza kusubiri hadi mwaka unaofuata. Vijana wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, walichaguliwa waanze kusoma pamoja jioni kwenye jengo la usharika chini ya mwalimu wa sekondari, na sehemu ya mchango wa pamba ikatengwa kwa posho yake na mafuta ya taa ya dharura umeme ukikatika. Fedha za ada zilibaki kwa mweka hazina, zikisubiri majibu ya mtihani wa majaribio.

Yule mzee wa vitamini ndiye aliyefunga mjadala. Alisema mkulima hapeleki pamba sokoni kabla hajaichambua mwenyewe nyumbani, safi upande huu na fifi upande huu, ili asiambiwe na karani jambo ambalo yeye hakulijua. Na watoto wafanyiwe hivyohivyo.

Kamati zitakazopokea barua ya namna hii zinakaribishwa kuwasiliana na ofisi ya miradi kabla ya kulipa chochote. Nakala za mtihani wa mfano tunazo, na tutazileta katika ziara zetu za robo mwaka ijayo.